Mjusi wa Madoadoa: Thika na Kitabu cha Pili Kilichopungukiwa

Miongoni mwa vitabu vilivyoandikwa kuhusu nchi ya Thika, yaani ukanda unaoanzia Ruiru, ukapita Juja na Theta na kuishia kwenye maporomoko ya mito ya Chania na Thika, hakuna kilichovuma kama The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichochapishwa mwaka wa 1959 na ambacho jina lake kwa Kiswahili lingekuwa Miti ya Moto ya Thika. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1962, mwandishi huyo alitoa kitabu cha kukifuata, The Mottled Lizard, yaani Mjusi wa Madoadoa. Kitabu hicho cha pili, ingawa kiliandikwa na mkono uleule, kikaisimulia familia ileile na kuanzia katika shamba lilelile, hakikuwahi kukaa karibu na cha kwanza katika kumbukumbu ya wasomaji. Cha kwanza kiligeuzwa kuwa tamthilia ya televisheni nchini Uingereza mwaka wa 1981, nalo jina la Thika likawafikia watu ambao hawakuwahi kukanyaga Afrika. Cha pili hakikupata heshima hiyo, kikabaki kusomwa zaidi na wale waliokwisha kukipenda kitangulizi chake.

Kitabu cha namna hii huitwa mwendelezo, yaani kitabu kinachochukua wahusika, mahali na sauti ya kitabu kilichotangulia na kuanzia pale kilipoachia. Wasomaji wa riwaya za kinjozi, ambazo hujenga nchi za kubuni na kuzirudia kitabu baada ya kitabu, wanaijua vizuri hatari ya kazi hiyo: mwendelezo huzaliwa na deni, kwa kuwa msomaji haufungui akiwa mgeni bali huufungua akiwa mdai. Vitabu vya Huxley si riwaya za kinjozi kwa maana kamili, kwa sababu vinahusu mahali palipo kwenye ramani na watu walioishi. Hata hivyo, Thika ya kitabu cha kwanza ni nchi iliyojengwa nusu kwa kumbukumbu na nusu kwa ubunifu, na ndiyo maana kupungukiwa kwa kitabu cha pili kunastahili kuchunguzwa pamoja na historia ya nchi yenyewe. Makala haya yanashikilia kwamba kasoro ya mwendelezo huo haikutokana na uchovu wa kalamu. Ilitokana na kuendelea kuitazama kwa jicho la utotoni nchi ambayo, katika miaka inayosimuliwa, ilikuwa imeingia katika mambo yaliyodai jicho jingine.

Nchi kabla ya kitabu

Mito ya Ruiru, Theta na Ndarugu huteremka kutoka safu ya Nyandarua na kupeleka maji yake katika bonde la Athi, hali mito ya Chania na Thika, iliyo mbele kidogo tu kaskazini, huelekeza yake katika Mto Tana. Kwa hiyo msafiri anayetoka Ruiru kwenda Thika huvuka, pengine bila kujua, mgawanyiko wa maji ya mito miwili mikubwa kuliko yote nchini Kenya. Upande wa juu kuna udongo mwekundu unaopendwa na kahawa, na upande wa chini, kuelekea tambarare za Juja, kuna udongo mweusi unaonata miguuni wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Katika nchi ya juu Wakikuyu walikuwa na utaratibu wa umiliki ulioitwa gĩthaka, yaani ardhi ya ukoo iliyorithiwa kupitia kwa babu aliyeifyeka au kuinunua, na ndani yake waliweza kuishi ahoi, yaani watu walioomba mahali pa kulima kwa ruhusa ya wenye ardhi bila kuimiliki. Tambarare za chini zilikuwa malisho, na Wamaasai nao walizitumia.

Serikali ya Uingereza ilipoanza kugawa ardhi kwa walowezi, yaani wageni waliohamia ili kuishi na kulima, na ambao wenyeji waliwaita masetla, utaratibu huo wa ukoo haukupewa uzito wa sheria. Sheria ya Ardhi za Taji ya mwaka wa 1902 iliruhusu ardhi iuzwe au kukodishwa kwa wageni, na ile ya 1915 ikaongeza muda wa ukodishaji hadi miaka 999. Katika ukanda wa Thika mabadiliko yalifuatana kwa kasi. Mmarekani tajiri William Northrup McMillan alijipatia shamba kubwa huko Juja, ambako rais mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alikaribishwa mwaka wa 1909 katika safari yake ya kuwinda. Hoteli ya Blue Posts ilifunguliwa mwaka wa 1908 kati ya maporomoko ya Chania na ya Thika. Na reli kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka wa 1913. Nchi hii haikuwa tupu wala haikuwa mpya. Wageni ndio waliokuwa wapya ndani yake.

Kitabu cha kwanza na nguvu ya kutojua

Elspeth Grant, ambaye baada ya kuolewa mwaka wa 1931 alijulikana kwa jina la Huxley, alizaliwa London mwaka wa 1907. Wazazi wake, Josceline na Nellie Grant, walifika Thika mwaka wa 1912 kuanzisha shamba la kahawa, na binti yao akawafuata Desemba 1913 akiwa na umri wa miaka sita. Katika kitabu, hata hivyo, msimulizi mtoto yumo safarini tangu mwanzo, juu ya mkokoteni uliovutwa na maksai wanne na kusheheni vyombo vya nyumbani, akielekea pamoja na wazazi wake kwenye ardhi ambayo hakuna aliyeiona. Tofauti hiyo ndogo kati ya maisha na maandishi ndiyo ufunguo wa kitabu kizima. Mwandishi hakutaka kufika Thika baada ya nyumba kujengwa. Alitaka kuwapo siku ya kwanza, na kwa kuwa hakuwapo, alijiumbia siku hiyo. Aliwapa pia wazazi wake majina mengine, Robin na Tilly, akajipa uhuru ambao mwandishi wa tawasifu, yaani masimulizi ya mtu kuhusu maisha yake mwenyewe, kwa kawaida hanao.

Uhuru huo aliutumia kwa ustadi mkubwa. Kitabu kinaeleza jinsi baba alivyonunua ekari 500 katika baa ya hoteli ya Norfolk, Nairobi, kutoka kwa mtu aliyevaa tai ya shule ya Eton, na tukio hilo moja linafunua, bila maelezo marefu, jinsi ardhi ya watu ilivyokuwa ikipita mikononi mwa wageni kwa kuaminiana kwao wao kwa wao: alama ya shule ya mbali ilikuwa na nguvu ya hati, na aliyekuwa akilima mahali penyewe hakuwa na kiti katika mazungumzo. Baadaye msomaji anakutana na Twinkle, mtoto wa paa aliyelelewa nyumbani kama kipenzi, ambaye kadiri anavyokua ndivyo anavyovutwa na pori lililo nje ya uzio, na mtoto anayempenda analazimika kujifunza kwamba kiumbe wa mwituni hakopeshwi milele. Kwato ndogo za paa huyo sakafuni zinasema mengi kuhusu familia iliyojaribu kulifuga pori kuliko kurasa nyingi za historia ya makazi ya walowezi.

Msingi wa uzuri huo ni kutojua. Msimulizi wa miaka sita au saba anasikia maneno ya watu wazima, anaona barua zikipokewa na nyuso zikibadilika, anashuhudia mapenzi yaliyofichwa kati ya majirani na ugomvi wa uchawi kati ya wafanyakazi, naye anayaeleza yote kwa uaminifu bila kujua maana yake. Msomaji anajua zaidi kuliko anayemsimulia, na katika nafasi hiyo iliyo kati ya jicho la mtoto na akili ya msomaji ndimo kitabu kinamopumua. Kutojua huko kulikuwa pia ni kinga, kwa sababu hakuna anayemwuliza mtoto mdogo kwa nini ardhi ile ilikuwa ya baba yake. Kitabu kilipotoka mwaka wa 1959, Kenya ilikuwa bado chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa Oktoba 1952, na mwezi Machi mwaka huohuo wafungwa 11 waliuawa kwa kipigo katika kambi ya Hola. Wasomaji wengi wa Uingereza, waliochoshwa na habari za damu, walipewa Thika ya asubuhi, kabla ya umande kukauka, nao wakaipokea kwa mikono miwili.

Kitabu cha pili na miaka ya kipande

Kitabu cha kwanza kinafikia mwisho wake vita vya kwanza vya dunia vinapoitawanya jamii ya walowezi na familia kuondoka shambani. Cha pili kinaanza vita vikiwa vimekwisha, familia inaporudi kulifufua shamba lake la kahawa, nacho kinamfuata msimulizi kupitia ujana wake hadi anapoondoka kwenda masomoni Uingereza mwaka wa 1925. Kina uwindaji, wanyama waliofugwa, majirani wenye vituko, mipango ya biashara iliyoanzishwa kwa matumaini na kufa kwa hasara, na maelezo ya mandhari ambayo hayapungui kwa umahiri yale ya mwanzo. Msomaji anayepima sentensi moja moja hataona kwamba mwandishi ameshuka. Anayesoma kitabu chote ndiye anayehisi kwamba kitu kimetoweka.

Kilichotoweka kwanza ni ile nafasi kati ya jicho na akili. Msimulizi wa miaka kumi na mitatu au kumi na saba anaelewa yanayosemwa mezani, anajua thamani ya pesa, anasoma magazeti na ana maoni yake. Kwa hiyo mshangao uliokuwa chemchemi ya kitabu cha kwanza hauwezi tena kujitokeza wenyewe, na mwandishi analazimika kuuchota kwa juhudi. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, lakini methali hiyo haimwenei Huxley sawasawa, kwa kuwa hakulegea baada ya kusifiwa. Shida yake ilikuwa nyingine: alirudi kugema mnazi uleule kwa kisu kilekile wakati mnazi wenyewe ulikuwa umekwisha kutoa ulichokuwa nacho.

Kilichotoweka pili, na ambacho kwa msomaji wa Ruiru, Theta au Thika ni kikubwa zaidi, ni usawa kati ya sauti ya kitabu na uzito wa miaka inayosimuliwa. Miaka ya 1919 hadi 1925 ndiyo iliyoamua sura ya Kenya ya kikoloni. Baada ya vita serikali iligawa mashamba zaidi kwa askari wazungu waliostaafu, hali Waafrika waliohudumu katika vita hivyohivyo, wengi wao wakiwa wapagazi wa Kariakoo, yaani kikosi cha wabeba mizigo ya jeshi, hawakupewa ardhi. Mwaka wa 1920 nchi iliyokuwa himaya, yaani iliyohesabiwa kuwa chini ya ulinzi, ilitangazwa kuwa koloni kamili. Mwaka wa 1921 sarafu ilibadilishwa kutoka rupia hadi shilingi, bei za mazao zikaanguka, na waajiri wakapunguza mishahara ya wafanyakazi wa mashambani ambayo tangu awali ilikuwa midogo.

Juu ya yote hayo kulikuwa na kipande. Kipande kilikuwa hati ya utambulisho iliyolazimishwa kwa wanaume Waafrika wa umri wa miaka 16 na zaidi. Sheria yake ilipitishwa mwaka wa 1915, na utekelezaji wake ukaanza kushika kasi kuanzia 1919 na 1920. Karatasi yenyewe iliandikwa jina la mwenyewe, kabila lake, alama za vidole vyake, jina la mwajiri, tarehe ya kuajiriwa na mshahara, na mfanyakazi hakuweza kuondoka kihalali mpaka mwajiri aandike kwamba amemwachilia. Karatasi hiyo ilitiwa katika kikebe cha chuma, na kikebe kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na mbũgi, kengele ambayo mfugaji humvisha mbuzi ili asipotee, na mfano huo una usahihi kuliko fasili yoyote ya kisheria, kwa sababu unaeleza chombo kilivyovaliwa na pia jinsi aliyekivaa alivyotazamwa.

Upinzani haukukawia. Mwaka wa 1921 Harry Thuku, karani wa Nairobi aliyezaliwa Kiambu, aliongoza chama kilichopinga kipande, kodi ya nyumba na upunguzaji wa mishahara, na ujumbe wake ukaenea katika mashamba yaliyoizunguka Nairobi. Alipokamatwa mwezi Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi jijini, na tarehe 16 ya mwezi huo risasi zikafyatuliwa. Takwimu za serikali zilitaja vifo 21, nao walioshuhudia walisema waliouawa walikuwa wengi zaidi. Mwanamke aliyeitwa Muthoni Nyanjiru, aliyewachochea wanaume wasiondoke mikono mitupu, aliuawa siku hiyo. Mwaka uliofuata serikali ya Uingereza ilitoa waraka uliotamka kwamba masilahi ya Waafrika yatangulie ya wageni, tamko ambalo utekelezaji wake ulichelewa mno. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakizungumzwa katika safu za wachuma kahawa na katika vibanda vya wafanyakazi katika miaka ambayo Mjusi wa Madoadoa kinaisimulia, lakini hayakuwa mhimili wa kitabu. Mhimili ulibaki kuwa veranda ya nyumba ya mlowezi na yale yaliyoweza kuonekana kutoka hapo.

Kwa nini kalamu haikuhama verandani

Haitakuwa haki kudai kwamba Huxley hakuwa na uwezo wa kuihama veranda hiyo. Mwaka wa 1939, miaka ishirini kabla ya kitabu chake mashuhuri, alikuwa amechapisha riwaya ya Red Strangers, ambamo alijaribu kuusimulia ujio wa wazungu kutoka upande wa familia ya Kikuyu, baada ya kwenda kuishi miongoni mwa watu na kuwahoji wazee. Riwaya hiyo ina mipaka yake, lakini inathibitisha kwamba mwandishi alijua kwamba kulikuwa na jicho jingine na kwamba lilistahili kitabu kizima. Kwa hiyo mwendelezo wa 1962 ulikuwa matokeo ya uchaguzi wa umbo: kumbukumbu za utotoni zilizopendwa ziliendelezwa kama kumbukumbu za utotoni, hata pale utoto ulipokuwa umekwisha.

Wakati nao ulichangia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1962 wajumbe wa vyama vya Kenya walikuwa London katika mkutano wa Lancaster House wakijadili katiba ya nchi itakayokuwa huru, na walowezi wengi walikuwa wakiuza mashamba. Mwandishi aliyeandika katika hali hiyo alikuwa akiiaga nchi ambayo watu wake walikuwa wakiikomboa, na buriani hupenda kuhifadhi kuliko kuchunguza. Jambo kama hilo lilimpata pia Karen Blixen, mlowezi wa Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya milima ya Ngong: Out of Africa cha mwaka wa 1937 kilimpa sifa ya kudumu, na kitabu kidogo alichokiongeza mwaka wa 1960, Shadows on the Grass, husomwa leo kama kiambatisho chake. Katika hali zote mbili mwandishi alirudi kwenye shamba ambalo halikuwa lake tena, akakuta kwamba lililobaki kwake ni kumbukumbu iliyokwisha kutumika.

Familia yenyewe ilikuwa imeondoka Thika mapema. Nellie Grant alihamia Njoro, akalima huko kwa takriban miongo minne kabla ya kuondoka nchini mwaka wa 1965. Kwa watu wa Theta na Ruiru, hata hivyo, kuondoka hakukuwa mwisho wa hadithi bali sura nyingine tu, kwa kuwa walibaki na kahawa, na mkonge, na baadaye mananasi yaliyoifunika nchi ya Thika, na walibaki pia na swali la ardhi ambalo kitabu cha kwanza kililipita kwa wepesi wa mtoto na cha pili hakikulirudia kwa uzito wa mtu mzima.

Mwendelezo ulioandikwa na wengine

Swali hilo lilijibiwa na kalamu nyingine. Mwaka wa 1964 Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru, alichapisha Weep Not, Child, riwaya ambayo ndani yake baba Mkikuyu analima kwa mshahara ardhi iliyokuwa ya ukoo wake, na mtoto anayekua katika boma hilo ndiye anayebeba mtazamo wa kitabu. Mwaka wa 1969 Charity Waciuma, aliyezaliwa katika wilaya ya Murang'a inayopakana na Thika, alichapisha Daughter of Mumbi, kumbukumbu za msichana wa Kikuyu aliyekulia chini ya utawala wa kikoloni na kuiona hali ya hatari kutoka ndani ya kijiji. Ukikiweka kitabu cha Waciuma karibu na vya Huxley, unapata kile ambacho Mjusi wa Madoadoa kilikosa: utoto unaoendelea kukua mpaka ukaona. Kwa maana hiyo, ingawa hakuna mchapishaji aliyewahi kusema hivyo, kitabu cha Waciuma ndicho mwendelezo wa haki zaidi wa Miti ya Moto ya Thika kuliko kile kilichobeba jina la mwandishi wake.

Leo mashamba mengi ya kahawa kati ya Ruiru na Juja yamekatwa viwanja, na jina la Ruiru linasikika kwa wakulima kupitia Ruiru 11, aina ya kahawa inayostahimili magonjwa iliyotolewa mwaka wa 1985 na watafiti wa kituo cha huko. Katika wadi ya Theta majengo yanapanda mahali palipokuwa na safu za mibuni na malisho, na wale waliozisikia habari za kipande kutoka kwa baba zao wanapungua mwaka hata mwaka. Historia ya kitabu cha pili cha Huxley inawahusu hao moja kwa moja, kwa sababu inaonyesha jinsi mahali panavyoweza kujulikana duniani kote kwa asubuhi yake na kusahaulika kwa mchana wake.

Elspeth Grant alizaliwa mwaka wa 1907. Mvulana aliyezaliwa mwaka huohuo katika boma la wafanyakazi karibu na Mto Theta au Mto Chania alitimiza miaka 16 mwaka wa 1923, akaenda kwa ofisa wa wilaya, akapakwa wino vidoleni na kukabidhiwa kikebe cha kuvaa shingoni. Miaka miwili baadaye, msichana wa rika lake akapanda meli kwenda chuoni. Wote wawili walikuwa wamemaliza utoto katika nchi ileile na katika miaka ileile. Kitabu kilichokusudiwa kusimulia jinsi utoto wa Thika ulivyokwisha kilisimulia mwisho mmoja tu, na upungufu huo ndio msomaji wa Thika anaouhisi anapokifunga.